Miwani ya Wenye Mikono Kazini

Oktoba iliyopita nilikaa karibu saa nne chini ya mbuyu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, nikimwangalia fundi akihangaika na pampu ya kisima kirefu. Pampu yenyewe ni ya sola. Paneli zilikuwa zimefutwa vumbi, jua la Ugogo lilikuwa utosini, na maji hayatoki. Madumu ya njano yalikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, mengine yamefungwa pamoja kwa kamba ili upepo usiyachukue, na wenye nayo wamejikusanya kivulini.

Fundi alikuwa amefungua boksi la kontrola. Ndani kulikuwa na taa nyekundu inayowaka, na chini ya taa maandishi ya Kiingereza madogo kama mbegu za mchicha. Aliyasoma kwa kurudisha kichwa nyuma, kisha akasogea zaidi nyuma, kisha akamwita mtoto wa darasa la sita amsomee herufi moja moja. Baadaye akampigia injinia aliyeko Dar es Salaam kwa video ya WhatsApp, simu akampa yule mtoto aishike.

"Unganisha nyaya mbili za mwisho, kushoto," injinia akasema.

"Kushoto kwangu au kwako, injinia?"

"Kwako wewe."

Lakini mtoto alikuwa ameigeuza simu apate kivuli, picha ikawa imelala upande, na injinia alichokiona kama kushoto hakikuwa kushoto kwa fundi wala kwa mtoto. Fundi alitaka kuikuza picha, mikono yake ina grisi, akajaribu kwa kifundo cha kidole, kioo hakikuitika. Aliposogea mwangani kuona vizuri, akauona uso wake mwenyewe tu umejaa kwenye kioo. Bando liliisha mara mbili. Bibi mmoja akauliza kutoka kivulini, "Fundi, mwanangu, leo tunapikia nini?" Akajibu, "Vumilia kidogo, bibi, tumeshaikamata."

Hitilafu ilikuwa ndogo. Kihisi kinachokaa kisimani kuiambia kontrola kwamba maji yapo kilikuwa kimekatika waya. Kontrola ikaamini kisima kimekauka, ikagoma kuwasha pampu isije ikaungua. Maji yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumwonyesha mwingine waya gani, bila kumpokonya mikono.

Nimeanza na kisima kwa makusudi. Habari nyingi za miwani ya uhalisia ulioongezwa (augmented reality kwa Kiingereza), ile inayoweka maandishi na picha juu ya unachokitazama, huanzia sebuleni: mtu yuko kwenye kochi, ananyoosha kidole hewani, picha inafunguka ukutani. Huko ndiko matangazo yanakotupeleka, na ndiyo maana wengi wetu tunaiona kama mchezo wa wenye nafasi. Mimi nasema miwani hii, kwa maisha ya huku kwetu, ni suala la mikono kabla ya kuwa suala la macho. Simu imetupa mengi, ila kila inachotupa inakidai mkono. Anayechimba, anayeshona, anayebeba mtoto mgongoni na beseni kichwani, anayefunga kidonda, huyo simu yake iko mfukoni au imeegeshwa kwenye jiwe. Kama kuna chombo kitakachofika pale simu isipofika, ni hiki. Na kama kitashindwa kufika pale, sioni kwa nini mtu wa Dodoma ajisumbue nacho.

Niseme kidogo kinavyofanya kazi. Kwa nje ni miwani ya kawaida, yenye fremu nene kidogo. Ndani ya fremu kuna kamera, maikrofoni na spika ndogo karibu na sikio. Iliyokamilika zaidi ina chanzo kidogo cha mwanga pembeni, na lenzi yake imetengenezwa ili mwanga huo usafiri ndani ya kioo na kutokea mbele ya mboni. Mvaaji anaona maandishi au mshale umeelea mbele yake, na bado anaona ukuta, ng'ombe na mtu anayekuja. Ni tofauti na uhalisia pepe, unaomfunika mtu macho yote na kumpeleka kwingine. (Wapo wanaouita huu "uhalisia ulioboreshwa". Nashikilia "ulioongezwa". Kama umeboreshwa au umeharibiwa, aamue anayeuishi.)

Wazo la mikono si langu la kwanza, limo katika kuzaliwa kwa teknolojia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing walikuwa wakitafuta namna ya kuwarahisishia kazi mafundi wanaofunga matita ya nyaya za ndege. Nyaya hizo hupangwa kwenye mbao kubwa kwa kufuata michoro, na michoro hubadilika kutoka ndege hadi ndege. Wakafikiria kifaa cha kichwani kitakachomwonyesha fundi waya huu upite wapi, juu ya ubao uleule alionao, mikono ikiendelea kufunga. Wakaiandikia makala mwaka 1992, na jina walilolitumia, augmented reality, ndilo dunia inalolitumia hadi leo. Fundi, nyaya, mikono. Miaka thelathini na ushee baadaye nikamkuta yule wa Chamwino katika shida ileile.

Historia iliyofuata inaunga mkono upande huu. Google ilipoanza kuwauzia watu waliochaguliwa miwani yake ya Glass mwaka 2013, kwa dola 1,500, waliovaa mitaani walitazamwa vibaya, na baadhi ya baa na migahawa ya Marekani ikawakataza kuingia nayo. Januari 2015 mauzo kwa umma yakasimama. Haikufa lakini. Mwaka 2017 ilirudi kwa sura ya kiwandani, ikavaliwa na wanaounganisha mitambo na wanaopanga mizigo, ikadumu hadi Machi 2023. Kampuni ya DHL ilijaribu miwani ya aina hiyo kwenye ghala Uholanzi, wafanyakazi wakaona mbele ya macho mzigo upi uchukuliwe na uwekwe wapi, na mwaka 2015 ikatangaza kwamba ufanisi wa kazi hiyo ulipanda kwa asilimia 25. Mtaani ilikataliwa, kazini ikakaa.

Hata kazini haikukaa kwa raha. HoloLens 2 ya Microsoft, kifaa cha kuvaa kichwani kilichotoka 2019, iliweza kuubandika mshale juu ya bolti na mshale ukabaki palepale hata mvaaji akisogea. Ilikuwa dola 3,500 na gramu 566, na mwaka 2024 utengenezaji wake ukakoma. Mtu anaweza kusema gramu 566 si kitu kwa watu ambao akina mama wao wanatembea kilomita na ndoo ya lita 20 kichwani. Lakini mbeba ndoo hutembea wima, shingo imenyooka. Fundi anainama, anaingiza kichwa kwenye boksi, anatazama chini ya kitanda cha mashine. Uzito ulio mbele ya uso humvuta shingo siku nzima.

Kilichobadilika sasa ni uzito na akili ndani yake. Miwani ya Ray-Ban Meta, ya kampuni ya Meta yenye Facebook, iliyotoka 2023, ina takriban gramu 50 na haina skrini. Ina kamera na sauti, unaiuliza kitu unachokitazama, inakujibu sikioni. Septemba 2025 ikafuata Meta Ray-Ban Display, gramu 69, yenye skrini ndogo kwenye lenzi ya kulia na bangili inayosoma mishituko ya misuli ya kifundo cha mkono, kiasi kwamba unasogeza vidole kidogo tu na skrini inatii. Bei ni dola 799, karibu shilingi milioni mbili kabla hujaongeza usafiri na ushuru.

Hapa tusichanganye mambo, maana matangazo yanachanganya. Miwani hii nyepesi inaonyesha kiskrini pembeni ya jicho moja: ujumbe, ramani, maandishi ya anachosema mtu. Haiubandiki mshale juu ya waya. Kuubandika vizuri kunataka macho yote mawili yaone picha, kunataka kifaa kijue kilipo hadi sentimita, na kunataka betri ya kuendesha hesabu zote hizo. Meta walionyesha sampuli ya miwani ya namna hiyo mwaka 2024, wakaiita Orion, ila haikuingia sokoni. Kwa hiyo tulicho nacho ni vipande viwili ambavyo havijakutana: chepesi kisichoweza kuonyesha waya, na kizito kilichoweza ambacho hakitengenezwi tena. Naamini vitakutana. Lini, siwezi kumdanganya msomaji.

Vikikutana, vitakutana na jua letu. Lenzi inayopitisha mwanga inaweza kuongeza nuru juu ya unachokiona, haiwezi kuipunguza. Haiwezi kuchora cheusi. Mshale wake lazima ung'ae kuliko kilicho nyuma yake. Ile skrini ya Meta inafika niti 5,000 (niti ni kipimo cha mng'ao), ambazo ni nyingi sana kwa ndani ya nyumba. Karatasi nyeupe iliyolala juani saa sita mchana hupita niti 20,000, na udongo wetu mweupe-mweupe wa kiangazi si mbali sana na karatasi. Watengenezaji wanatumia lenzi zinazogeuka nyeusi juani, na hilo linasaidia. Hata hivyo kifaa kilichojaribiwa kwenye ofisi na mitaa yenye mawingu kitahitaji mtu wa kukivaa Oktoba huku Chamwino kabla hakijaitwa kizuri. Kuna vumbi pia, linaloingia hata kwenye saa. Kuna mtandao: akili ya miwani hizi kwa sehemu kubwa haikai kwenye fremu, picha husafiri kupitia simu hadi kwenye kompyuta za mbali, jibu likarudi. Pale kisimani simu ilikatika mara nne. Miwani ingekatika vilevile. Kinachomfaa fundi ni maelekezo yaliyokwisha kupakuliwa simuni kabla hajapanda bodaboda.

Nirudi kwenye zile herufi ndogo, maana siku ile hazikunitoka kichwani. Yule fundi ana kama miaka hamsini. Alikuwa anarudisha kichwa nyuma kwa sababu macho yake, kama ya watu wengi wa umri huo, hayashiki tena vitu vya karibu. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ile inayotembezwa na machinga kwenye kadi ya boksi, kwa elfu chache. Hajawahi kuvaa. Alisema miwani ni ya wazee wa ofisini.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti kutoka Bangladesh: watu wa vijijini wanaofanya kazi za kuona karibu, wakiwemo mafundi na washonaji, walipewa miwani ya kusomea bure, na baada ya miezi minane kipato chao cha kati kilikuwa juu kwa takriban theluthi moja kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaanzisha SPECS 2030, mpango wake wa kuwafikishia watu miwani, kwa sababu hiyohiyo. Sisi wa kanda hii tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kongwa, jirani wa Chamwino, inajulikana kwa watafiti wa macho duniani tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya vikope, ugonjwa unaokwenda na nzi, vumbi na uhaba wa maji ya kunawa uso. Tunaijua thamani ya jicho kwa kuwaona wazee walioongozwa kwa fimbo na wajukuu.

Kwa hiyo mtu akija kwetu na mradi wa miwani ya milioni mbili, swali langu la kwanza ni kama amepima macho ya watakaoivaa. Miwani inayoandika maneno mbele ya mtu asiyeona karibu haijamwongezea kitu. Na nadhani hapo pana njia nzuri kuliko tunavyofikiri: kama mtu lazima avae miwani ya kusomea, na hiyo hiyo siku moja ikaweza kumsomea taa nyekundu ya kontrola kwa sauti, ataivaa bila kuona haya, maana ameshazoea fremu puani.

Itamsomea kwa lugha gani? Ndugu yangu mmoja alirudi kutoka nje na miwani ya sauti, isiyo na skrini. Tuliijaribu nyumbani Makole, jioni, watoto wamejaa. Nilichukua boksi la dawa ya mama nikaiuliza kwa Kiswahili, pole pole, kama ninayezungumza na mgeni: "Hii inanywewa mara ngapi kwa siku?" Ikanijibu kwa Kiingereza kwamba haijaelewa. Mtoto wa miaka saba akasema, "Baba, iulize kwa lugha yake." Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, kina siku yake ya kimataifa, Julai 7, na mtoto wetu ameshajifunza kwamba chombo kina lugha yake na sisi ndio wa kuifuata. Tafsiri ya papo kwa papo kwenye miwani za Meta ilipoanza ilikuwa kati ya Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano.

Kiswahili kitaingia, sina wasiwasi, soko litakidai. Wasiwasi wangu ni Kiswahili gani. Mashine hujifunza kwa kilichoandikwa, na kilichoandikwa kwa wingi ni habari, hotuba na maandiko ya dini. Fundi haongei hivyo. Yeye anasema imepiga shoti, koili imeungua, bushi imekula, kaza nati nusu raundi, oringi imeiva. Hakuna gazeti lililoandika "oringi imeiva". Ukichanganya na lafudhi ya huku, ambapo sentensi inaanza Kiswahili na kumalizikia Kigogo, mashine iliyosoma magazeti tu itakaa kimya au, vibaya zaidi, itakisia. Upo mradi wa Common Voice wa Mozilla ambao watu wanajitolea kuusomea sentensi za Kiswahili ili sauti ziwe huru kwa yeyote anayetengeneza programu. Ni kazi njema. Inahitaji sauti za gereji na za mnadani, si za wanafunzi wa chuo peke yao.

Nina mama mkubwa ambaye masikio yamemwishia. Kwenye vikao vya ukoo anakaa mbele, mahali pake pa heshima, amejitanda khanga, na anacheka wengine wakicheka. Anaangalia midomo. Mtu akigeuka upande, amempoteza. Tumezoea kumsimulia kikao kikiisha, kwa kumpigia kelele sikioni, na kwa kufupisha, maana nani atarudia saa tatu za maneno? Kwa hiyo kwa miaka sita sasa anapokea maamuzi ya ukoo wake yakiwa yamekatwa na kijana yeyote aliyekuwa na subira siku hiyo. Anasoma Kiswahili vizuri, alikuwa mwalimu. Miwani inayoandika maneno ya mzungumzaji yanapotoka ipo tayari madukani Ulaya na Marekani. Mpe hiyo kwa Kiswahili, na iwe inajua kwamba mtu akiingia akasema "Mbukwenyi" ametoa salamu na si kelele, na yule mama atarudi kikaoni akiwa na kauli yake. Nikipewa kuchagua matumizi mamoja tu ya teknolojia hii kwa Dodoma, nachagua hili, hata mbele ya kisima changu.

Wasioona nao. Pale Buigiri, kwenye barabara ya Morogoro, kuna shule ya wasioona ambayo watu wa kanda hii wanaijua vizuri. Programu ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, humuunganisha asiyeona na mtu anayeona kwa video, na tangu 2024 imeanza kutumika kwenye miwani ya Ray-Ban Meta. Asiyeona ana fimbo mkono mmoja. Simu inauchukua wa pili. Miwani inaurudisha, na kwa mkono huo anashika nauli, anagusa ukuta, anamshika mtoto. Noti ya elfu kumi au ya elfu mbili, basi la Dodoma au la Mpwapwa, soksi ipi nyeusi: mambo ya dakika moja, mara ishirini kwa siku.

Mengine nayapita haraka. Kuongozwa njia sioni kama ni haja kubwa. Tuna namba za nyumba tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, na dereva wa bodaboda anaijua Nkuhungu na Iyumbu kuliko ramani. Michezo itakuja yenyewe, haihitaji makala. Matangazo yatajaribu kuingia machoni mwetu, kila duka likitaka kuandika bei yake hewani, na hilo linapaswa kukataliwa mapema.

Lakini suala la nyuso silipiti. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba miwani ya kamera inayouzwa dukani, ikiunganishwa na tovuti ya kutafuta sura za watu, inaweza kumpiga picha mpita njia na baada ya muda mfupi kuleta jina lake na taarifa nyingine zake. Hawakuitoa programu yao, walitaka watu waogope. Mimi niliogopa. Nenda Soko la Majengo asubuhi, uinue simu tu kupiga picha ya nyanya. Kuna mama atakuambia, "Usinipige mimi, piga nyanya." Simu ikiinuliwa inaonekana, ndiyo maana anaweza kusema. Miwani haiinuliwi. Watengenezaji wameweka kitaa cheupe kinachowaka kamera ikirekodi, ila yule mama hajui maana ya kitaa hicho, na juani hata anayejua hatakiona.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inazitaja taarifa za kibayometriki miongoni mwa taarifa nyeti. Tume yake ipo. Tulishatoa vidole vyetu kusajili laini za simu, tukaelewa kwa nini. Uso ni jambo jingine, kwa sababu alama ya kidole unaitoa mwenyewe na uso unachukuliwa ukiwa unapanga vitunguu. Ninachotaka ni kanuni iandikwe kabla miwani haijazagaa, na iwe ya wazi kiasi cha kubandikwa ukutani: wodini hapana, darasani kwa ruhusa ya mzazi, kaunta ya ofisi ya umma lazima mwananchi aambiwe, na kutambua sura ya mtu asiyekubali iwe kosa la anayevaa na la anayetengeneza. Bunge liko hapa hapa mjini, halihitaji safari.

Kuna mahali pamoja ambapo mikono inatakiwa ikae mbali kabisa, nako ni Kolo, Kondoa. Michoro ya miambani pale iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na inafifia. Ukiwa umesimama mbele ya mwamba, mwongoza wageni anakuonyesha kwa fimbo: pale ni twiga, pale ni watu. Unakubali kwa adabu, umeona wekundu tu. Sehemu nyingi duniani watu waliimwagia michoro ya namna hii maji ili irudi kung'aa, wakaiharibu. Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alitumia miezi akiinakili michoro ya Kondoa kwa mkono, wakati mingi yake ikiwa wazi kuliko leo. Nakala ile ikilazwa kwa nuru juu ya mwamba wenyewe, mistari juu ya mistari, mtoto wa Kondoa atamwona twiga bila mtu kugusa jiwe. Kwa kuwa yapo mapango ambayo wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko, ni wao wa kusema wapi nuru hiyo iwake na wapi isiwake.

Miwani hii haitatufikia kama simu ya kila mtu mfukoni, walau si mwanzoni. Nadhani itakuja kama simu zilivyokuja kwanza, za kibanda: moja, ya watu wengi, inayolipiwa kwa kazi. Jumuiya ya watumia maji inaweza kuwa na moja, kama ilivyo na spana moja kubwa. Chuo cha ufundi cha VETA kikawa na tano za kufundishia, kituo cha afya kikawa na moja. Kwa namna hiyo milioni mbili inagawanyika na inaanza kuwa bei ya kuzungumzika.

Ila miwani tupu haina cha kuonyesha. Lazima mtu awe ameandika, kwa kila pampu, kila mashine ya kusaga, kila jokofu la chanjo, waya upi na kwa mpangilio upi, kwa Kiswahili cha fundi. Kazi hiyo haingoji Marekani wamalize lenzi zao. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaosoma kompyuta wanaweza kuianza mwaka huu kwa simu walizonazo, wakikaa na mafundi, wakirekodi. Sehemu kubwa ya maarifa hayo haipo kwenye vitabu vya watengenezaji, kwa sababu watengenezaji hawakuwazia panya wa Chamwino wanaokula waya, wala chumvi ya maji yetu.

Najua yalipo, nimeyaona. Maji yalipotoka ilikuwa inakaribia saa kumi, vigelegele vikapigwa, madumu yakaanza kugombana. Fundi alifuta mikono kwa mchanga, kisha kwa suruali, akatoa kwenye begi la zana daftari lenye jalada lililokunjamana. Ukurasa baada ya ukurasa ni hitilafu alizokutana nazo, kwa herufi kubwa kubwa, kwa sababu ndogo hazioni. Akaandika akiwa amechuchumaa, kisha akanipa nimsomee kama kimeeleweka:

KISIMA CHA MBUYUNI. TAA NYEKUNDU. MAJI YAPO, NI WAYA WA KIHISI. ZIMA SWICHI KWANZA. UNGANISHA MBILI ZA KUSHOTO MPAKA WAYA MPYA UJE. KUSHOTO NI UPANDE WA BAWABA ZA MLANGO.